Meno ya mtu mzima hupangika, lakini fizi zitibiwe kwanza

Watu wengi huamini kuwa meno yaliyopishana hurekebishwa utotoni tu, na kwamba mtu mzima hana budi kuyavumilia. Imani hiyo si sahihi. Jino laweza kusogezwa katika umri wowote, mradi fizi na mfupa unaolishikilia viwe vizima.

Waya unaofungwa kwenye meno hulisukuma jino taratibu. Upande linakoelekea, mfupa hupungua. Upande linakotoka, mfupa mpya hujengeka. Kwa kawaida jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, na matibabu huchukua mwaka 1 hadi 3.

Hata hivyo, taya la mtu mzima limekwisha kukua. Kasoro kubwa ya taya lenyewe huenda ikahitaji upasuaji.

Hatari kubwa zaidi ni ugonjwa wa fizi. Meno yaliyokuwa yamekaribiana yakianza kuachana au kulegea ukubwani, mara nyingi hiyo ni dalili yake. Kufunga waya kabla ya kutibu fizi huweza kuharakisha kupotea kwa mfupa, hata meno yakang'oka.

Kwa hiyo, kabla ya kufungwa waya, mtu mzima apigwe picha ya eksirei, asafishwe ugaga na azibwe meno yaliyotoboka. Akiwa na waya, apige mswaki angalau mara 2 kwa siku kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Waya ukitolewa, avae kifaa cha kuyashikilia meno. La sivyo, yaweza kurudi yalikotoka.