Mzio: Kutoka Mwiko wa Chakula Hadi Chafya za Msimu

Masika yanapoelekea kwisha mwezi Mei, majani ya nyika huchanua pande za Kiabakari, wilayani Butiama. Wako watu ambao wakati huo hupiga chafya mfululizo, macho yakawawasha na pua ikawatiririka maji, bila homa. Wengi huiita hali hiyo mafua. Wanaistilahi huiita mzio. Hitilafu hiyo si ya maneno matupu, kwani kila jina humwelekeza mgonjwa njia yake.

Mzio si neno lililobuniwa na kamati. Latokana na kitenzi zia, yaani kujiepusha na kitu, hasa chakula, kwa ajili ya mwiko au madhara yake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo kwa maana hiyo. Ndugu zake wa Kibantu wapo: Waganda humwita omuziro mnyama ambaye ukoo haumli, na Wanyarwanda wana umuziro.

Huko Ulaya safari ilikuwa nyingine. Mwaka 1819 daktari John Bostock alieleza mjini London ugonjwa wake mwenyewe wa kila kiangazi. Waingereza wakauita homa ya majani makavu, ijapokuwa si homa wala hautokani na majani makavu. Mwaka 1873 Charles Blackley alionyesha kwamba chanzo ni chavua. Neno la kitaalamu alilibuni Clemens von Pirquet mwaka 1906 kwa mizizi ya Kigiriki, na maana yake ni utendaji ulio tofauti, basi. Halimwambii mgonjwa afanye nini. Mzio humwambia: jiepushe.

Na kujiepusha ndiyo tiba ya asili iliyo ya kwanza. Mwenye mzio wa chavua amwachie mwingine kazi ya kufyeka. Arudipo shambani anawe uso na kubadili nguo. Asukutue pua kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Kujifukiza kwa mvuke huzibua pua kwa muda. Moshi wa majani yanayochomwa ni jambo jingine kabisa, maana humzidishia mwenye pumu, naye akikoroma kifuani hana budi kupelekwa zahanati.

Hata hivyo maana ya kale haijafa, na hapo pana hatari. Muuguzi akiuliza, "Una mzio wowote, mzee?" mzee aweza kutaja nyama isiyoliwa na ukoo wake. Jibu hilo ni Kiswahili safi cha tangu zamani, lakini penisilini iliyomtoa vipele haitajwi, na sindano ya pili yaweza kumwua. Kwa hiyo twapendekeza muuguzi aulize, "Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?" hata kama fomu imeandikwa mzio. Aleji, linalosikika mijini, halina utata huo. Ila halina pia lile agizo la kujiepusha.

Limebaki jina la kile kinacholeta mzio. Kwa kanuni za uundaji tungetarajia kizio, lakini wanahisabati wamekwisha kulichukua kwa kipimo, na wanajiografia kwa nusu ya dunia. Sisi twaelekea kichocheo cha mzio, ingawa ni refu.