Orodha Iliyotangulia Watoto

Kwa miaka mingi hapa Eldoret, kila nilipopewa kidato cha kwanza nilipewa orodha kabla sijaona mtoto hata mmoja. Majina yalipangwa kwa maksi za KCPE: wa mia nne juu, wa mia mbili chini. Ofisini walimu tulikuwa tukisema, "Hao wa chini ni wa kusukuma tu." Sikuona ubaya.

Habari za Robert Rosenthal nilizisoma baadaye, niliporudi chuoni. Mwanasaikolojia huyu wa Harvard alianza na panya. Mwaka 1963, yeye na Kermit Fode walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walipewa panya wa kawaida wa kufundisha njia. Wengine waliambiwa panya wao ni werevu, wengine kwamba wao ni wazito. Panya walioitwa werevu wakafanya vizuri zaidi.

Je, watoto? Lenore Jacobson, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko California, alimfungulia Rosenthal milango. Mwaka 1964 walimu wa madarasa 18 walitajiwa majina ya watoto ambao, eti kwa mujibu wa mtihani, wangechanua mwaka huo. Kumbe majina yalikuwa yameokotwa kwa bahati nasibu, karibu mtoto mmoja kati ya watano. Mwaka ulipoisha, waliotajwa walikuwa wamewapita wenzao kwa maendeleo, hasa darasa la 1 na la 2. Kitabu chao, Pygmalion in the Classroom, kilitoka 1968.

Wakosoaji hawakukawia. Robert Thorndike alisema mtihani wenyewe haukufaa kwa watoto wadogo. Wengine walirudia jaribio wasione kitu. Mwaka 1984 Stephen Raudenbush alilinganisha majaribio 18, akaona jambo moja: mwalimu aliyekaa na watoto zaidi ya wiki mbili kabla ya kuambiwa hakuyumbishwa sana. Neno la kuambiwa hushika pale ambapo mwalimu bado hamjui mtoto.

Hapo nikasita. Mwaka huohuo wa 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa huku kwetu, na mwaka uliofuata KCPE ikafanywa kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, karatasi ilimtangulia mtoto kufika kwa mwalimu.

Nilimkumbuka kijana mmoja wa dawati la nyuma, wa mia mbili na kidogo. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza swali mwaka mzima. Kidato cha pili hakurudi. Niliambiwa ni karo. Huenda ilikuwa karo.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Rosenthal akafariki Januari 2024. Mitihani imebadilika jina, orodha bado zinakuja. Yangu naifungia kwenye droo hadi wiki ya tatu. Kwanza nawauliza watoto majina yao, halafu swali la kwanza naanzia dawati la nyuma.