Mtunzamaji

Wauza miche wa mijini huita "sakulenti" kila mmea mdogo wenye majani au shina nene: mshubiri, dungusi, mkonge wa kupandwa kwenye chungu. Asili ya neno hilo ni Kilatini, kwa maana ya utomvu. Wateja wasiolizoea husema "ua la jangwani", jina ambalo mimi silipendi, kwa kuwa linataja mahali na kuacha kazi ya mmea.

Bulyanhulu, huku Usukumani, si jangwa. Mvua huanza Novemba, wakulima wakalima mahindi, mpunga na pamba. Lakini kiangazi chake ni kirefu, na ndiyo maana Usukumani minyaa na mikonge hufanywa wigo wa kaya. Mkonge wenyewe ni mgeni, ukoo wake ni wa Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu.

Kata jani la mkonge uone: nyama nene yenye maji, nyuzi za katani, na ngozi yenye nta. Mchana mmea hufunga vitundu vya kupitishia hewa ili jua lisinyonye maji, kisha hufungua usiku na kuvuta hewa ya kufanyia usanisinuru kesho yake. Kazi ni kutunza maji. Kwa hiyo napendekeza "mtunzamaji", kwa mfano wa kipimajoto. Atakayedhani ni mtu anayelinda bomba atasahihishwa na wingi wake: mitunzamaji.

Jina hili linafundisha hata malezi. Mwenye akiba hahitaji kunyweshwa kila siku. Mkonge mdogo upandwe kwenye chungu chenye matundu chini, udongo uchanganywe na mchanga mnene au kokoto ndogo, uwekwe juani. Mwagilia udongo ukishakauka kabisa. Masika uusogeze barazani. Majani ya chini yakilegea na shina likinuka, mizizi imeoza kwa maji mengi: ng'oa, kata palipooza, acha jeraha likauke siku kadhaa, ndipo upande upya.

Mchanga uchote mtoni. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa kwenye karasha za wachimbaji wadogo wa dhahabu, ingawa ni ya bure na yako karibu, usiyaguse: ni unga laini unaoshika maji, tena yana zebaki.