Ukame wa Zambia, gunia la Sumbawanga: tabianchi inavyomfikia mkulima wa Ufipa

Kila tunapotaja mabadiliko ya tabianchi kwenye kipindi, ujumbe wa simu huja na swali lile lile: hayo yananihusu nini mimi niliyeko Laela au Mtowisa? Ni swali la haki. Habari nyingi za jambo hili huzungumzia barafu inayoyeyuka na mikutano ya wakubwa. Tumeamua kulijibu kwa msimu mmoja tu, wa 2023/24, kwa sababu jambo moja lililoanzia baharini liliwagusa majirani zetu wa kusini na wa kaskazini, kila mmoja kivyake, kisha likaingia kwenye bei ya mahindi hapa kwetu.

Kwanza tuweke maneno sawa. Hali ya hewa ni ya leo na wiki hii. Tabianchi ni mwenendo wa mvua, joto na upepo wa mahali kwa miaka 30 au zaidi. Dunia sasa ina joto zaidi kuliko zamani kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ukataji wa misitu. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupita nyuzi joto 1.5 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Bara zima la Afrika linachangia chini ya asilimia 4 ya moshi huo.

El Niño ni jambo jingine, ingawa watu huyachanganya. Hiyo ni hali ya asili inayorudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, pale maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida na kuvuruga njia za upepo na mawingu. Mara nyingi huleta mvua kubwa Afrika Mashariki na ukame kusini mwa Afrika. Sisi wa Ufipa tuko katikati ya pande hizo mbili, ndiyo maana mtu wa hapa hawezi kusikia neno El Niño akajua moja kwa moja kama anunue mwavuli au aombe mvua.

Msimu ule, Tanzania ilipata maji mengi. Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 mjini Katesh na vijiji vya jirani. Hadi mwishoni mwa Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mafuriko na maporomoko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Huko Burundi, Ziwa Tanganyika lilipanda hadi ndani ya nyumba za Gatumba, karibu na Bujumbura, na zaidi ya watu 200,000 nchini humo waliathirika. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo maji yakijaa Burundi yanajaa pia Kirando, Kipili na Kasanga.

Upande wa pili wa mpaka wa Kasesya hali ilikuwa kinyume. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 za Zambia ziliathirika, na takribani hekta milioni 1 za mahindi ziliharibika, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wakati ambao hayasamehe. Mavuno yalishuka kutoka takribani tani milioni 3.2 hadi milioni 1.5. Kaskazini, karibu na Mbala, waliumia kidogo. Pigo kubwa lilikuwa kusini na katikati ya nchi.

Njaa haikuwa shida pekee. Zambia hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa maji, na Bwawa la Kariba lilishuka vibaya. Maeneo mengi yalipata umeme saa chache tu kwa siku. Kwa hiyo hata mama aliyefanikiwa kupata debe la mahindi alilifikisha kwenye mashine ya kusaga akakuta imelala. Saluni, mafundi wa kuchomelea na wauza samaki wa kugandisha walikosa kazi, na hao hawakuwa na shamba lolote la kukauka.

Je, yale yalikuwa mabadiliko ya tabianchi? Wanasayansi wa kimataifa waliochunguza ukame ule walisema msukumo mkubwa ulikuwa El Niño. Tunalitaja hili kwa makusudi, maana siku hizi kila janga hubandikwa jina hilo na watu huanza kulidharau. Ukame mwingine ni tofauti: ule wa Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Huo ulichunguzwa pia, na ikaonekana joto la dunia liliongeza uwezekano wake takribani mara 100, hasa kwa kunyonya unyevu wa udongo.

Bei ilivyovuka mpaka

Zambia ilihitaji chakula, na Tanzania ilikuwa na ziada. Katikati ya 2024, NFRA, yaani Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ilikubaliana na Zambia kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Kwa hesabu ya gunia la kilo 100 hayo ni magunia milioni 6.5. Ghafla shida ya mkulima wa kusini mwa Zambia ikawa soko la mkulima wa Rukwa.

Lakini soko hilo halikumnufaisha kila mmoja sawasawa. Aliyeuza mapema, mahindi yakiwa bado shambani, ili alipe deni la mbolea au ada, mara nyingi faida ilikwenda kwa mchuuzi na dalali. Aliyeweza kuyaweka ndiye aliyechagua siku ya kuuza. Kuyaweka maana yake ni kuyakausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini, kisha kihenge kizuri au mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, dumuzi asipate pa kuingilia.

Na mlango unaweza kufungwa. Juni 2017 Serikali yetu ilizuia mahindi kwenda nje, na wakulima wa mikoa ya nyanda za juu kusini wanakumbuka bei ilivyoanguka. Pia jirani hushiba. Mei 2025 Zambia ilitangaza mavuno ya zaidi ya tani milioni 3.6, makubwa kuliko yote iliyowahi kuyapata. Aliyefyeka msitu au kukopa akitegemea wanunuzi wa mwaka uliopita aliingia hasara. Kwa maoni yetu, hili halizungumzwi vya kutosha: hali ya hewa inayoyumba huyumbisha bei pia, hata kwa mkulima ambaye shamba lake limepata mvua nzuri.

Samaki na udongo

Kwa wavuvi athari huja polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Chakula cha samaki kilikadiriwa kupungua kwa takribani asilimia 20, na mavuno ya samaki kwa takribani asilimia 30. Nyavu nyingi na zisizofaa nazo zimechangia. Ndiyo sababu mojawapo uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Dagaa na migebuka walipumzika. Familia za mwaloni zilibaki kutafuta kipato kingine.

Uwandani, wazee wa Kifipa walikuwa na ntumba, yale matuta ya duara yanayofukia majani mabichi ili yaoze na kushika unyevu. Trekta na mbolea ya dukani vimeyasukuma pembeni, lakini katika msimu wenye vipindi vya jua kali, udongo wenye mboji hushika maji muda mrefu kuliko ule mtupu.

Kuhusu fidia: nchi za dunia zilikubaliana Misri, Novemba 2022, kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumia, na mwaka mmoja baadaye mjini Dubai ahadi za kwanza zilitolewa. Fedha hizo hupitia kwenye serikali na taasisi, kwa hiyo mtu yeyote anayekuja kijijini kuandikisha majina kwa ada ili "upate fedha za tabianchi" ni tapeli. Mpelekeni kwa mtendaji.

Utabiri wa mvua zetu za Novemba hadi Aprili hutolewa na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa kawaida mwezi Oktoba, nasi huusoma redioni. Ukisikia "wastani hadi juu ya wastani", hiyo ni jumla ya mvua ya msimu mzima. Haisemi mvua itanyesha lini. Subiri sehemu mbili zinazofuata, za tarehe za kuanza na vipindi virefu vya ukavu, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua uchague mbegu ya muda mfupi au mrefu.