Mafahali Wawili, Zizi Moja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kompyuta zimewabishia. Leo mtu anaweza kuweka Windows na Linux ndani ya diski moja, zikalala ubavu kwa ubavu miaka na miaka bila kugombana, kwa sababu hazipo macho kwa wakati mmoja. Ukiwasha mashine moja inaamka, nyingine inaendelea kulala. Ugomvi wao uko mlangoni: nani anaamua fahali yupi atoke? Nimekuwa nikifuatilia historia ya mlango huo, na naamini inawahusu hata nyie wadau wa fasihi ambao mkisikia neno kompyuta mnatafuta pa kutokea.

Twende polepole. Kompyuta ikiwashwa haijui kitu. Kumbukumbu yake ni tupu, na mfumo endeshi, yaani programu mama inayoendesha nyingine zote, bado uko kwenye diski. Lazima kitu kiuite. Mwitaji wa kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mashine yenyewe, inayoitwa BIOS. Tangu mwaka 1983, IBM ilipotoa PC XT yenye diski ngumu pamoja na DOS 2.0, utaratibu ulikuwa huu: BIOS inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, kisha inaikabidhi usukani. Kati ya hizo, baiti 446 ni za maelekezo, 64 ni za jedwali linaloonyesha diski imegawanywa vyumba vipi, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Chukulia kila herufi ni baiti moja. Aya yangu ya kwanza hapo juu isingeenea humo.

Chumba kidogo hivyo hakiwezi kuwa na wapangaji wawili. Kila mfumo mpya ulipowekwa uliandika maelekezo yake palepale, juu ya maelekezo ya mwenzake. Windows ya miaka ya 1990 ilikuwa na tabia hiyo: ukiiweka baada ya Linux, ilifuta yaliyokuwepo bila kupiga hodi. Linux yako iko nzima kwenye diski, haijapotea hata faili moja, ila hakuna wa kuiita. Ndiyo maana mafundi walikariri kanuni moja: anza na Windows, Linux ije nyuma.

Dawa ilikuwa kuweka bawabu anayeuliza. Werner Almesberger aliiandikia Linux programu iliyoitwa LILO, ikawa inamsubiri mtu achague mfumo anaoutaka. Lakini LILO ilikariri kwa namba mahali kiini cha mfumo kilipo kwenye diski. Ukibadilisha kiini bila kuiendesha LILO upya, safari inayofuata inakwenda kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Mwaka 1995 Erich Boleyn akaanza kuandika GRUB, ambayo inajua kusoma mafaili kwa majina yake. Menyu yake ni mistari michache ya maandishi, mshale wa kupandisha na kushusha, na sekunde zinazohesabika kurudi nyuma. Mimi kwangu ule ni ukurasa wa heshima sana. Mashine inakusubiri wewe useme.

Sasa tazama kinachotokea ukurasa huo ukifichwa.

Jean-Louis Gassée, aliyewahi kuwa kiongozi katika Apple, alianzisha kampuni ya Be mwaka 1990. Mfumo wake, BeOS, ulisifika kwa wepesi wa kushughulikia sauti na video. Gassée hakusema anakuja kuing'oa Windows. Alitaka kukaa pembeni yake, kwenye diski hiyohiyo. Mwaka 1998 Hitachi ya Japani ikakubali kuuza kompyuta zenye mifumo yote miwili. Kompyuta zikatoka, na BeOS kweli ilikuwa ndani, lakini menyu haikuwepo. Ukiwasha, inakuja Windows moja kwa moja. Kuifikia BeOS ilibidi mnunuzi asome maelekezo ya kiufundi na kuandaa flopi ya kuwashia. Hebu niambie, nani angejisumbua?

Scot Hacker, mwandishi wa kitabu kuhusu BeOS, alidai mwaka 2001 kwamba kiini cha mambo kilikuwa mikataba ya siri kati ya Microsoft na watengenezaji, iliyowazuia kuweka menyu ya kuchagua. Mwaka huohuo Be iliuza mali yake kwa kampuni ya Palm kwa dola milioni 11. Februari 2002 ikaishtaki Microsoft, na mwaka 2003 wakamalizana kwa dola milioni 23.25, Microsoft ikisisitiza kwamba haikutenda kosa lolote. Fidia ikawa zaidi ya maradufu ya bei ya mali yenyewe. Wapenzi wa BeOS waliijenga upya wakaiita Haiku, kwa kukumbuka kisakuzi chake kilichokuwa kikikupa taarifa za hitilafu kwa mashairi mafupi ya Kijapani. Yaani walau wenzetu hao walifilisika kishairi.

Miaka kumi baadaye mlango ukabadilishwa kabisa. Mfumo wa UEFI ulichukua nafasi ya BIOS, na Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ulikuja na sharti jipya: mashine ikubali tu programu ya kuwashia yenye sahihi inayotambulika. Lengo lilieleweka, kuzuia virusi vinavyojipenyeza kabla mfumo haujaamka. Lakini sahihi ya nani? Kwa kompyuta nyingi, ya Microsoft. Matthew Garrett, aliyekuwa Red Hat, alipaza sauti mapema, mwaka 2011, kisha akatengeneza kipande kidogo cha programu kiitwacho shim, kilichopata sahihi hiyo na kuifungulia Linux njia. Kwenye kompyuta za kawaida mtumiaji aliachiwa uwezo wa kuzima ukaguzi huo. Kwenye zile za Windows zenye chipu za ARM, hakuachiwa.

Uzuri wa UEFI ni kwamba wapangaji hawagombei tena baiti 446. Kila mfumo una faili lake katika chumba cha pamoja, na mashine inatunza orodha ya majina na zamu zao. Unaweza kuisoma: bonyeza kitufe, mara nyingi F12 au Esc kutegemea kampuni, mara tu unapowasha. Ukiwa ndani ya Linux, amri ya efibootmgr inakuonyesha orodha hiyohiyo na kukuruhusu kuipanga upya. Lakini masasisho ya mfumo mmoja yanaweza kujirudisha namba moja bila kukuuliza, kwa hiyo ipitie mara kwa mara.

Kwetu huku, ambako kompyuta moja mara nyingi inatumiwa na nyumba nzima, orodha hiyo ina uzito wake. BeOS haikuondolewa kwenye zile kompyuta za Japani. Iliachwa ndani, nzima, ikifanya kazi. Kilichoondolewa ni jina lake tu, mahali ambapo mnunuzi angeliona.