Molekulariti: Hesabu ya chembe inayoamua kasi ya mmenyuko

MOLEKULARITI ni idadi ya chembe, ziwe atomi, molekuli au ayoni, zinazoshiriki katika hatua moja ya mmenyuko wa kemikali. Idadi hiyo huwa moja, mbili au, kwa nadra, tatu.

Kasi ya kila hatua hufuata hesabu hiyo. Katika hatua ya chembe moja, wingi wa chembe ukiongezwa maradufu, kasi nayo huwa maradufu. Zinapokutana chembe mbili za aina moja, kasi huongezeka mara nne.

Hata hivyo, kasi hiyo haiwezi kusomwa katika mlinganyo wa jumla. Mlinganyo hueleza kilichoingia na kilichotoka, wala hausemi yaliyojiri katikati. Tabaka la ozoni, linaloukinga uhai dhidi ya miale ya urujuanimno, ni mfano bora.

Ozoni huundwaje?

Mwanasayansi Mwingereza, Sydney Chapman, alifafanua jambo hilo mwaka wa 1930. Kwanza, mwanga wa jua huipasua molekuli ya oksijeni ikawa atomi mbili. Hii ni hatua ya chembe moja.

Kisha atomi hiyo huungana na molekuli nyingine ya oksijeni na kuunda ozoni. Sharti chembe ya tatu, aghalabu naitrojeni, iwepo ili ichukue nishati ya ziada. Isipokuwepo, ozoni hiyo changa husambaratika papo hapo.

Kuhusu uharibifu, mlinganyo wa jumla huonyesha molekuli mbili za ozoni zikigeuka kuwa tatu za oksijeni. Msomaji angedhani kwamba ozoni mbili zimegongana. La hasha!

Klorini na shimo la Antaktika

Mnamo 1974, Mario Molina na Frank Sherwood Rowland walionya kuhusu gesi za CFC zilizotumiwa katika majokofu na mikebe ya kupulizia. Gesi hizo hupanda hadi anga za juu, ambako mwanga huzipasua na kuachilia klorini.

Atomi ya klorini huigonga ozoni na kuipokonya atomi moja ya oksijeni, ikawa klorini monoksaidi. Hii nayo ikikutana na atomi huru ya oksijeni, klorini hubaki huru tena. Hivyo, atomi moja yaweza kuangamiza maelfu ya molekuli za ozoni.

Mwaka wa 1985, watafiti wa Uingereza waliripoti upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Njia hiyo pekee haikutosha kuueleza, kwa kuwa atomi huru za oksijeni ni chache mno huko.

Ilibainika baadaye kwamba molekuli mbili za klorini monoksaidi huungana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hivyo, klorini monoksaidi ikiongezeka maradufu, kasi ya hatua hiyo huwa mara nne. Ndiposa ozoni huporomoka huko katika muda wa majuma machache tu.

Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka wa 1987 kudhibiti gesi hizo, na sekretarieti yake iko jijini Nairobi. Molina, Rowland na Paul Crutzen walituzwa Nobeli ya Kemia mwaka wa 1995.

Tathmini ya kisayansi ya 2022 ilikadiria kwamba ozoni ya Antaktika itarejea katika kiwango cha 1980 ifikapo takriban mwaka wa 2066, mradi mataifa yaendelee kuuzingatia mkataba huo.