Mlangizi wa Lusaka, Kungwi wa Pwani na Mama wa Ugogo

Mwaka 2006 kliniki za serikali jijini Lusaka zilianza kupima saratani ya mlango wa kizazi. Nyuma ya kazi hiyo walikuwapo Dkt. Mulindi Mwanahamuntu, Mzambia, na Dkt. Groesbeck Parham, bingwa wa saratani za wanawake kutoka Birmingham, Alabama. Mtu mwenye ubingwa wa Parham angeweza kumaliza miaka yake katika chumba cha upasuaji, akiwahudumia waliowahi na kuwasikitikia waliochelewa. Yeye alikwenda kuwafundisha wauguzi.

Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Hapo hupiga picha na kuikuza kwenye skrini, na mwanamke, akiwa bado amelala kitandani, huinua kichwa akaiona sehemu ya mwili wake ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Weupe ukiwa mdogo, hugandishwa kwa baridi kali siku hiyohiyo, naye akarudi nyumbani. Picha yenye utata hutumwa kwa daktari. Ubingwa uliokuwa wa mtu mmoja hospitali kuu ukawa wa wauguzi wengi mitaani, na kwangu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya heshima ya kazi ya Parham.

Lakini kamera haimwiti mtu kliniki. Lusaka walilitambua hilo, wakawafuata alangizi, wanawake wazima wanaowafunda mabinti kabla ya kuolewa. Mlangizi anaruhusiwa kuyataja ambayo mama mzazi huona haya kuyataja mbele ya bintiye. Akisema kuna ugonjwa unaoanza kimyakimya huko ndani, na kwamba dalili ya damu baada ya tendo la ndoa isifichwe, anasikilizwa, maana ndiye aliyefundisha tendo lenyewe.

Msomaji wa Tanga au Unguja atamtambua mara moja: ni kungwi, ni somo. Naye humfunda mwari usafi, hedhi na unyumba, kwa ngoma na nyimbo, wanaume wakiwa mbali. Tofauti ninayoiona ni kwamba mlangizi ameingizwa katika mpango wa afya kama mshirika, ilhali kungwi wetu hualikwa harusini tu, na hospitali ikimkumbuka humkumbuka kama kikwazo. Hilo linaniumiza, kwa sababu Tanzania haikuchelewa kuijua siki. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ilianza kuitumia kupimia wanawake mapema miaka ya 2000.

Nikipanda kutoka pwani hadi Dodoma, ulinganisho unakuwa mgumu, na sitaki kuurahisisha. Wanawake wa Kigogo wana ngoma zao za muheme, zile ndefu zenye kiuno chembamba, ambazo mpigaji huzibana kwa mapaja huku akicheza. Ngoma hizo zilipigwa katika unyago wa wasichana, na katika unyago huo mafunzo yalikwenda pamoja na wembe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Kwa hiyo huku bara mwenye mamlaka ya kuzungumzia mwili wa mwanamke mara nyingi alikuwa ndiye aliyeujeruhi. Mwanamke wa Bahi au Chemba mwenye kovu hilo anapoambiwa alale, avue, apanue miguu mbele ya mtu mwenye kifaa cha chuma, woga wake una sababu. Kovu lenyewe linaweza kuufanya uchunguzi uwe na maumivu.

Wako watakaosema basi wazee wa mila waachwe kando, elimu itoke redioni na mashuleni. Siafikiani nao. Redio haikai na mwanamke usiku wa kuamkia siku ya kliniki, wala haimsemeshi mumewe anayeuliza kwa nini akachunguzwe na hali haumwi. Wala siafikiani na atakayeubeba mpango wa Lusaka mzimamzima na kuutua Kongwa. Zambia ilianza na mwalimu anayeaminika. Hapa lazima tuanze na waliouweka wembe chini hadharani, na wakunga wa jadi, na wanawake waliopimwa wakapona. Hao waliokata waanze kwa kusema waziwazi mbele ya wenzao kwamba kukata kulikuwa kosa. Bila hilo, sioni kwa nini mtu awaamini wanapomtuma kliniki.

Haja ni kubwa. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waligunduliwa na saratani hii Tanzania katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Dodoma aliyehitaji mionzi alisafiri kilomita zipatazo 450 hadi Ocean Road, akatafuta ndugu wa kumpokea Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, mbuzi na shamba akiviacha kwa watoto. Jiji la Dodoma sasa lina Hospitali ya Benjamin Mkapa, lakini anayefika na ugonjwa uliokwisha kusambaa bado ana njia ngumu mbele yake, hospitali iwe karibu kiasi gani.

Chanjo ya kuzuia saratani hii imeleta faraja ya kweli. Mwaka 2018 nchi nzima ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ushahidi wa dozi moja ulitoka kwa sehemu hapahapa, kwa wasichana 930 wa Mwanza waliokubali kufuatiliwa kwa miaka. Hata hivyo, wa kwanza kuchanjwa mwaka 2018 watafikisha miaka 30, umri wa kuanza kupimwa, mwaka 2034. Mama zao, dada zao wakubwa na shangazi zao wa Mpwapwa na Chamwino hawakuchanjwa. Hao wanahitaji siki sasa, na mtu wa kuwaambia waende kuipata wanaishi naye kijiji kimoja.